Kubuni peptidi ya pete ya kuishika protini ya Keap1: mwongozo kwa mwenye laptopu na bando

Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa baiokemia, famasia na kemia walioko Maseno, Masinde Muliro, Egerton, Bondo na kwingineko upande huu wetu, ambao wangependa mradi wa kubuni dawa lakini idara zao hazina mashine ya kuunganisha peptidi. Kubuni hakuhitaji mashine hiyo. Kunahitaji laptopu ya kawaida, akaunti ya Google, bando, na subira ya kukodolea macho muundo wa protini mpaka uuzoee. Mashine zinakuja mwishoni, na hapo utakuwa unalipia peptidi nne tano, si hamsini.

Peptidi ya pete ni mnyororo mfupi wa amino asidi uliofungwa ukajirudia. Iliyo karibu nawe zaidi iko kwenye friji ya wodi ya uzazi: oksitosini, sindano anayochomwa mama mara tu anapojifungua ili asivuje damu. Ni amino asidi tisa, ya kwanza na ya sita zikiwa zimefungwa kwa daraja la salfa. Vincent du Vigneaud aliiunda maabarani mwaka wa 1953, na miaka miwili baadaye akapewa Nobel ya kemia. Nyingine ni siklosporini, yenye amino asidi 11, ambayo humezwa na watu waliopandikizwa figo.

Faida ya pete huelezwa vibaya mara nyingi, kana kwamba kufunga mnyororo kunaongeza nguvu ya kushika. Mnyororo ulio wazi hujikunjakunja majini kwa maumbo chungu nzima, na ni moja tu au machache yanayoingia kwenye tundu la protini. Kuyaacha hayo mengine kuna gharama, nayo hulipwa kila peptidi inaposhika. Pete hulipa sehemu ya gharama hiyo mapema, kwa sharti kwamba umbo ulilolifunga ni lile protini inalotaka. Ukifunga lingine, peptidi yako itashika vibaya kuliko ile iliyokuwa wazi. Kazi yote inayofuata inahusu sharti hilo.

Hatua ya 1: Chagua protini, na ujue inakaa wapi

Protini zinazopitisha ishara za seli ziko za nje na za ndani. Vipokezi vya juu ya utando, kama kile cha oksitosini, vinafikiwa kirahisi. Zilizo ndani zinakudai uvuke utando, na hapo ndipo miradi mingi ya peptidi inapokwama.

Mfano wetu ni Keap1, ambayo iko ndani. Nimeichagua nikijua ubaya huo, kwa sababu muundo wake unafundisha vizuri na pia kwa sababu inatuhusu huku. Seli inapokuwa shwari, Keap1 huishika protini iitwayo Nrf2 na kuipeleka ikatiwe alama ya kuharibiwa. Seli ikizidiwa na kemikali kali za oksijeni, Keap1 hulegea, Nrf2 huongezeka, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kujikinga. Mojawapo ni ya kimeng'enya kinachovunja hemu, ile sehemu yenye chuma inayomwagika chembe nyekundu zinapopasuka. Mtu yeyote aliyelelewa Siaya, Busia au Homa Bay anajua nyumba yenye mtoto wa selimundu, na huo ni ugonjwa wa chembe nyekundu kupasuka. Katika panya wenye ugonjwa huo, kuipunguza Keap1 kulipunguza uvimbe na madhara ya viungo. Hiyo si tiba, lakini ni sababu tosha ya kuichagua.

Dawa zinazogusa njia hii zipo. Dimethili fumarati iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2013 na omaveloksoloni mwaka wa 2023, zote kwa magonjwa ya neva. Hujibandika kwenye sisteini za Keap1, na tatizo ni kwamba seli imejaa protini nyingine zenye sisteini. Ndiyo maana watu wanatafuta kitu kitakachokalia mahali pa Nrf2 bila kujibandika.

(Kwa wale ambao kila mwaka huchemsha majani, hupima DPPH (kemikali ya zambarau inayopoteza rangi ikikutana na dawa ya majani) na kuandika kwamba mmea fulani una uwezo mkubwa wa kupambana na oksijeni: kipimo hicho kinaonyesha kemia ya ndani ya chupa. Uamuzi wa seli unapitia protini kama hii.)

Hatua ya 2: Fungua muundo na usome mguso

Pakua ChimeraX, programu ya kutazama miundo ya protini, ambayo ni bure kwa kazi ya masomo. Kwenye mstari wa amri andika *open 2flu*. Huo ni muundo ulio kwenye Protein Data Bank, unaoonyesha sehemu ya Keap1 iitwayo Kelch ikiwa imeshika kipande cha amino asidi 16 cha Nrf2: AFFAQLQLDEETGEFL, kuanzia namba 69 hadi 84. Kila herufi ni amino asidi moja: D ni aspatati, E glutamati, T threonini, G glaisini. Kelch ina mapanga sita yaliyopangwa kwa duara, na kipande cha Nrf2 kimejikunja kona na kukaa kwenye mdomo wa tundu la katikati.

Usikimbilie programu ya kubuni. Kaa hapa kwanza, siku nzima ikibidi. Zungusha, ficha uso wa protini, urudishe, iombe ChimeraX ikuonyeshe bondi za haidrojeni, kisha andika daftarini kwa mkono kila amino asidi ya Nrf2 na inachoshika. Utakuta mambo haya:

Glutamati 79 imenyoosha mnyororo wake wa pembeni hadi kwa arginini 415 na 483 na serini 508 za Keap1. Glutamati 82 nayo imekwenda upande wa pili, kwa serini 363, arginini 380 na asparajini 382. Hizo mbili ndizo kucha za peptidi hii. Threonini 80 na aspatati 77 hazishiki sana Keap1. Zinashikana zenyewe kwa zenyewe ndani ya peptidi na kuifanya kona ibaki kona. Glaisini 81 haina mnyororo wa pembeni, na ukiipa mmoja unaivuruga kona yote. Glutamati 78 inaangalia majini, haina kazi kubwa.

Tazama pia mikono miwili ya mnyororo kabla na baada ya kona. Inarudi ikikaribiana, na ncha zote mbili zinaangalia nje ya tundu. Hii ndiyo zawadi uliyokuwa unaitafuta. Daraja la kufungia pete ni kama mkono wa kikapu: unaushona juu, upande usiobeba mzigo. Ungekuta ncha zimezama ndani ya protini au zimeachana mbali, ningekushauri utafute protini nyingine.

Nrf2 ina sehemu mbili zinazoshika Keap1. Hii yenye ETGE inashika kwa nguvu, zaidi ya mara mia kuliko nyingine yenye DLG. Anza na yenye nguvu.

Hatua ya 3: Gawa amino asidi mafungu mawili

Zisizoguswa: aspatati 77, glutamati 79, threonini 80, glaisini 81, glutamati 82.

Za kuchezewa: zote zilizobaki. Ya kwanza kubadilishwa ni glutamati 78, ambayo tunaiwekea prolini. Prolini hainyumbuki, kwa hiyo inasaidia kona kusimama, na unapunguza chaji hasi moja ambayo haikuwa na kazi. Sasa kiini chetu ni DPETGE. Pete zenye kiini hiki zimekwisha kuchapishwa na watafiti wengine, kwa hiyo usiwaahidi wazazi hati miliki. Uzuri wake kwa mwanafunzi ni kwamba una majibu ya kulinganisha na yako.

Hatua ya 4: Chagua daraja

Pima umbali kati ya kaboni alfa (kaboni ya uti inayobeba mnyororo wa pembeni) za amino asidi mbili unazotaka kuziunganisha. Kaboni alfa za amino asidi jirani huwa angstromu 3.8 kutoka moja hadi nyingine (angstromu 10 ni nanomita moja). Ukichomeka glaisini moja katikati, unaweza kuziba nafasi ya angstromu 5 hadi 7 hivi. Daraja la salfa linataka kaboni alfa za sisteini mbili ziwe kati ya angstromu 4.5 na 7. Kama kipimo chako kiko nje ya hapo, usilazimishe. Sogea amino asidi moja nje kila upande, upime tena.

Daraja la salfa ni rahisi kutengeneza, na kwa shabaha ya nje ya seli linatosha. Ndani ya seli kuna glutathioni kwa kiwango cha milimola, nayo hulifungua. Kwa Keap1 basi litumie kwenye majaribio ya chupa tu. Thioetha, ambapo salfa moja imeungana na kaboni, haifunguki hivyo. Laktamu hufunga laisini na aspatati au glutamati kupitia minyororo yao ya pembeni, lakini hapa ina hatari: peptidi yetu tayari ina aspatati na glutamati za kazi, na mtengenezaji lazima azifunike kwa vikinga tofauti ili asifunge isiyotakiwa.

Mimi naipendelea kichwa-kwa-mkia, yaani ncha mbili za mnyororo zinaungana zenyewe. Haiongezi kitu cha kigeni na vimeng'enya vinavyoanzia kwenye ncha vinakosa pa kuanzia. Tengeneza familia ya saizi tatu: ya saba, cyclo(GDPETGE), ya tisa, cyclo(GLDPETGEF), na ya kumi na moja, cyclo(GQLDPETGEFL). Ndogo inaweza kuikunja kona kupita kiasi. Kubwa inaweza kulegea hadi ukose faida ya kuifunga. Kwa kukisia tu huwezi kujua ni ipi itashinda.

Mahali pa kukatia pete kwenye karatasi pana maana maabarani. Panga mnyororo wa wazi uishie na ile glaisini ya kiungo, DPETGEG kwa pete ya saba. Amino asidi ya mwisho ndiyo inayochokozwa na kemikali wakati wa kufunga, na ikiwa hapo si glaisini, inaweza kugeuka kutoka umbo la kushoto kwenda la kulia. Glaisini haina kushoto wala kulia.

Hatua ya 5: Peleka kwenye kompyuta, pamoja na zile zinazopaswa kushindwa

ColabDesign hukuwezesha kutumia AlphaFold, programu ya kutabiri maumbo ya protini, bure kwenye kompyuta za Google (huduma iitwayo Colab), na ina daftari la kazi za pete. Mbinu yake ni nyepesi: AlphaFold hujua amino asidi ipi ni jirani ya ipi kwa kusoma tofauti ya namba zao, kwa hiyo jedwali la namba linabadilishwa ili ya kwanza na ya mwisho zihesabiwe majirani. Pakia sehemu ya Kelch peke yake, usipakie Keap1 nzima, la sivyo kumbukumbu itajaa. Elekeza matokeo yahifadhiwe kwenye Google Drive kila mzunguko unapoisha. Stima ikipotea Kondele saa mbili usiku, au laini ikikatika, Colab haikusubiri.

Utapata alama. pLDDT, ya 0 hadi 100, inasema programu ina uhakika kiasi gani na umbo. Alama za mpakani, ipTM na PAE, zinasema ina uhakika gani na mahali peptidi ilipokaa. Hakuna kati ya hizo inayopima nguvu ya kushika. Mwanafunzi akiniletea pete yenye pLDDT ya 92 namwuliza swali moja: ile mbovu ilipata ngapi?

Nauliza hivyo kwa sababu AlphaFold ilifundishwa kwa miundo ya Protein Data Bank, na 2FLU imo humo tangu 2006. Ukiipa ETGE na Kelch inakumbuka. Alama nzuri hapo haijakuambia lolote kuhusu pete yako. Kwa hiyo kila mara endesha pia hizi:

- mnyororo wa wazi wa Nrf2 wenyewe, bila pete;
- pete ile ile ikiwa na glutamati 79 iliyogeuzwa glutamini. Badiliko hili saratani za mapafu zimekwisha kulifanya zenyewe: limeonekana kwenye uvimbe wa wagonjwa, ambako Nrf2 hutoroka Keap1 na kuzilinda seli za saratani;
- pete yenye amino asidi zile zile zilizovurugwa mpangilio;
- pete yako halisi dhidi ya protini nyingine yenye mapanga ya Kelch.

Mara nyingi utaona pete yenye badiliko moja inapata alama karibu sawa na nzuri, maana AlphaFold si hodari wa kuhisi badiliko dogo. Usifiche jambo hilo kwenye ripoti. Liandike, kisha utumie alama kwa kazi inayoziweza: kutupa saizi za pete ambazo kona yake inapotoka. Weka umbo lililotabiriwa juu ya lile la 2FLU, upime ETGE imesogea angstromu ngapi. Ikizidi 2, pete hiyo iweke kando.

Ukitaka mfuatano mpya kabisa usiofanana na Nrf2, daftari hilo hilo linaweza kubuni. Fahamu tu kwamba AlphaFold 2 inajua amino asidi 20 za kawaida. Amino asidi za kulia, zenye methili kwenye naitrojeni, na madaraja ya thioetha haizijui.

Hatua ya 6: Swali la utando, kabla hujalipa

Hesabu chaji. Kwenye pH ya mwilini, cyclo(GDPETGE) ina chaji hasi tatu na haina chanya hata moja. Haitavuka utando wa seli. Siklosporini huvuka ingawa ina daltoni 1202, lakini haina chaji, na naitrojeni saba kati ya 11 za uti wake zimewekewa methili ili zisishikane na maji. Huwezi kuiga hilo hapa bila kupoteza kucha mbili zinazoshika Keap1.

Chaguo lako ni kuukubali mradi kama kifaa cha maabara kinachopima mguso, au kuongeza mkia wenye arginini nyingi wa kuivusha. Mkia huo una usumbufu: arginini zake zenye chaji chanya zinaweza kunata kwenye vitu vingi na kukupa matokeo ya uongo. Kwa shahada ya kwanza chagua njia ya kwanza bila aibu, na uiandike hivyo kwenye pendekezo lako la utafiti.

Hatua ya 7: Kuagiza na kupokea

Agiza pete mbili bora, ile ya glutamini 79, na mnyororo wa wazi. Miligramu 5 za kila moja zinatosha. Kwenye fomu andika *cyclo* na mfuatano, taja "kichwa-kwa-mkia" waziwazi, omba usafi wa asilimia 95 au zaidi, na chati za HPLC (mashine inayotenganisha na kupima usafi) na spektra ya masi. Kama utazitia kwenye seli, omba chumvi ya trifluoroasetati ibadilishwe kuwa asetati. Mkumbushe mtengenezaji kwamba kuna aspatati mbele ya prolini: bondi hiyo hukatika kwenye asidi, isiachwe humo muda mrefu.

Spektra ikifika, isome mwenyewe. Kufunga pete kunatoa molekuli moja ya maji, kwa hiyo cyclo(GDPETGE) inapaswa kuonekana kwenye 686.26 ikiwa na protoni moja, na mnyororo ambao haukufungika kwenye 704.27. Tofauti ni 18. Hapo wengi hutosheka, na kuna mtego. Pete ikifungwa kwenye mchanganyiko mzito, minyororo miwili hushikana na kuwa pete moja kubwa yenye masi mara mbili. Pete hiyo ikibeba protoni mbili, inatokea kwenye 686.26 vilevile. Kuza kilele chenyewe: vilele vidogo vya isotopu vikiachana kwa 1.0, una pete yako; vikiachana kwa 0.5, umeuziwa mbili zilizoshikana. Kama chati waliyotuma haionyeshi hivyo vilele vidogo, iombe upya.

Peptidi huja ikiwa unga mweupe mdogo sana chini ya chupa, wakati mwingine hauonekani. Itunze kwenye −20 °C. Ukiitoa, iache ifike joto la chumba kabla ya kufungua kifuniko. Hewa ya Kisumu ina unyevu wa ziwa, na chupa baridi ikifunguliwa unga hunywa maji hapo hapo. Baada ya hapo mzani wako unapima maji.

Hata bila unyevu, uzito wote si peptidi. Kuna chumvi na maji. Ungetumaini kuthibitisha kiasi kwa kupima mwanga wa nanomita 280, lakini pete ya saba haina tairosini wala triptofani, na mashine itakuambia sifuri. Uliza kiwango halisi cha peptidi kutoka kwa mtengenezaji, au pima kwenye HPLC kwa nanomita 214. Kwenye pete za tisa na kumi na moja, kubadilisha fenilalanini 83 kuwa tairosini kunaondoa usumbufu huu.

Hatua ya 8: Kipimo cha kwanza

Kipimo kinachofaa ni kile cha mwanga uliopolarishwa. Unachukua kipande kifupi cha Nrf2 chenye rangi ya fluoresini, unakichanganya na Kelch iliyotengenezwa kwenye bakteria wa E. koli, kisha unaongeza pete yako kidogo kidogo. Kipande chenye rangi kikiwa kimeshikwa na protini kubwa huzunguka polepole na alama huwa juu; pete ikikisukuma nje, alama hushuka. Utahitaji kisomaji cha sahani za visima 96 chenye uwezo huo. Ulizia kwenye vyuo na taasisi za jirani kabla ya kuagiza chochote, kwa maana si kila kisomaji kina vichujio vya kazi hii. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, nacho kianze kushughulikiwa mapema, na msimamizi wako akueleze ni karatasi gani za maadili na usalama chuo chenu kinataka.

Safu moja ya visima iwe na kipande chenye rangi peke yake, nyingine kipande na Kelch bila pete. Hizo mbili ndizo sakafu na dari. Pete yenye glutamini 79 inapaswa kubaki karibu na dari. Ikishuka sambamba na pete nzuri, peptidi zako zinaiharibu Kelch au zinagandana. Ongeza sabuni kidogo, Tween ya asilimia 0.01, urudie.

Kipimo hiki kina kikomo. Kama umeweka Kelch nanomola 50, huwezi kutofautisha pete inayoshika kwa nanomola 5 na inayoshika kwa 1. Zote zitashusha alama hadi nusu kwenye kiwango kile kile, karibu nusu ya kiwango cha Kelch iliyopo. Ukifika hapo, tafuta mwenzako mwenye kifaa cha kupima joto la kuungana, na umpelekee ile pete ya saba na ile ya tisa pamoja, siku moja, kutoka chupa zile zile.